Benchi la kazi nyumbani: chuma, mnazi, mfenesi au paini?

Wesha_Mashine:
Asalaam aleikum wenzangu. Nataka kujenga benchi la kazi chumba cha uani hapa Wesha, maana kila siku nafungua mashine za boti sakafuni na mgongo umeshachoka, na mara moja moja naletewa cherehani. Nina jiliwa (kile chuma cha kubania vitu) kubwa zito la marehemu baba, nalipenda sana, lakini kila meza nilolifunga nikianza kukaza nati meza inatembea. Sasa najipima, nichomelee chuma kitupu, au mbao za mnazi (jirani kaangusha minazi mizee mitatu ananiuzia rahisi), au mfenesi, au hizi mbili kwa nne za paini zinazokuja toka bara. Mlokwisha jenga nambieni lilivyokuwa baada ya mwaka, si siku ya kwanza.

Randa_Mkoani:
Waaleikum salaam. Mnazi lazima uchague. Mzuri ni wa chini ya mti na upande wa nje, huo ni mzito rangi imekolea, ila ukiingia katikati ni laini hata ukucha unazama, hapo bolti haishiki hata ufanyeje. Uzuri wake hauna vifundo. Ubaya unakula makali, msumeno na randa utanoa mpaka mkono uchoke. Mie miguu ya benchi langu ni mnazi na mpaka leo imesimama imara, uso wa juu sikuuweka kwa sababu nyuzi zake zinachomoka zinachoma mikono.

Jambiani_Kusini:
Mie nlifanya chuma, skwea paipu, ile ya pembe nne. Nyumba iko karibu na pwani, kusi ikivuma chumvi inaingia mpaka ndani, na rangi nlipiga nje tu, paipu ikaanza kuliwa kwa ndani na pale kwenye viungo vya kuchomelea na chini ya miguu maji ya kudekia yanapotuama. Lakini kwa jiliwa sijaona kinachotulia kama chuma, huo ndo ukweli. Ukifanya, ziba ncha zote za paipu kwa kuchomelea, piga redioksaidi (ile rangi ya chini ya kuzuia kutu) kabla ya rangi hasa kwenye viungo, na miguu ikalie vipande vya tairi.

MamaUshoni_Wete:
Kaka, kama na vyerehani utatengeneza basi usifanye kimo kimoja. Cherehani mtu anakaa, sentimita 75 hivi zinatosha. Benchi la kusimama liwe usawa wa kifundo cha mkono ukiteremsha mikono, na mdomo wa jiliwa uje usawa wa kiwiko, hapo ukipiga tupa mabega hayaumi. Jengine nakuomba sana, karabureta hata ukiimwaga petroli inabakia, na chumba cha uani mara nyingi ndo jirani na jiko, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatambaa chini chini mpaka ukutane na moto. Mwagia nje kwenye dumu, dumu lifunikwe na lisilale ndani, dirisha liwe wazi. Nawafikiria watoto wa nyumba hiyo.

Randa_Mkoani:
Hilo la petroli dada kasema kweli tupu. Paini kama si ilotiwa dawa achana nayo, mchwa wa kwetu wanaipenda mno. Uso wa juu ningekwambia mfenesi, inchi 2, ukikatwa ni manjano baadae unakolea, na baadhi ya milango ya zamani Mji Mkongwe ni mfenesi, inakaa jua na mvua.

Msuka_Kaskazini:
Na mwembe jee? Ngalawa mbona zinachongwa mwembe.

Randa_Mkoani:
Ngalawa inapakwa sifa (mafuta ya papa) na inatunzwa, sheikh. Mwembe mkavu ndani ya nyumba wadudu wanautoboa mpaka unamwaga unga.

Wesha_Mashine:
Shukran sana nyote, bi mkubwa wa Wete dumu la petroli nimeshalitoa leo leo. Nimekata shauri, miguu mnazi wa nje, uso mfenesi, na cherehani nitaiwekea meza yake pembeni. Jiliwa sasa, nilifunge katikati au pembeni?

Jambiani_Kusini:
Pembeni kwenye kona, juu ya mguu wenyewe, ukiliweka katikati ubao unapepesuka kila ukikaza. Tumia bolti za milimita 12 za galvanaizi zipite mpaka chini, huko chini weka bamba la chuma ndo nati ikaze juu yake, skrubu za mbao zitang'oka tu. Halafu benchi lifunge na ukuta, na rafu ya chini ijaze mifuko ya mchanga uzito ukae chini. Mchanga wa shimo lakini, wa pwani una chumvi unavuta unyevu bolti zitaliwa.

Randa_Mkoani:
Na mfenesi usiupigilie ukiwa mbichi, utajikunja. Panga mbao kivulini ziachane kwa vijiti upepo upite katikati, ncha zipake rangi zisipasuke. Masika yakikukuta usiharakishe, mie wangu niliungoja mpaka kaskazi.

Wesha_Mashine:
Basi mbao naagiza wiki hii nianike, miguu nianze nayo.