Mdaiwa ananadi Fuso kesi ikiwa mahakamani, naweza kulizuia?

MpungaKyela
Wakuu habarini. Nauza mchele kwa jumla. Mteja wangu wa Dar alichukua mzigo kwa mali kauli, akalipa kidogo kidogo, zikabaki milioni 38. Deni alilikiri kwa maandishi WhatsApp, kisha akaacha kupokea simu. Nikafungua shauri la madai. Alikuja na wakili, wakaomba muda wa kujibu.

Sasa dereva wangu kaniletea picha: Fuso lake limeegeshwa Tandale, kwenye kioo kuna karatasi “LINAUZWA” na namba yake ya simu. Stoo aliyokuwa amepanga ameshahama. Kilichobaki ni nyumba anayoishi na familia Mbagala. Naogopa kushinda kesi nikakuta hana hata baiskeli. Mahakama inaweza kuzuia gari na nyumba kabla ya hukumu?

Chapakazi
Mkuu huo ni utapeli, mpeleke polisi alale ndani.

Karani Mstaafu
Polisi hapana. Hilo ni deni la biashara na tayari liko mahakamani. Nimekaa masjala ya madai miaka mingi, maombi ya namna hii nimeyapokea kwa mikono yangu na nimeona yanavyoanguka. Kwa hiyo nisikilize, mwanangu.

Inawezekana. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 36, inaruhusu kukamata mali kabla ya hukumu. Lakini hakimu hazuii mali kwa sababu unadai. Kila aliyefungua kesi anadai! Anazuia akiridhika kwamba mdaiwa anauza au anahamisha mali kwa nia ya kukwamisha utekelezaji wa hukumu itakayokuja. Hiyo nia ndiyo inayowaangusha watu. Nimesoma viapo, yaani maelezo ya maandishi yaliyoapiwa, vinavyoeleza deni gunia kwa gunia, kurasa na kurasa, halafu mwishoni mstari mmoja: “naamini mdaiwa atatorosha mali.” Umeaminije? Maombi yanatupwa.

Wewe una ile picha. Dereva aape kiapo chake mwenyewe: alikuwa wapi, tarehe gani, namba za gari, maneno yaliyokuwa kwenye karatasi. Kisha linganisheni tarehe. Samansi aliipokea lini, na gari lilianza kunadiwa lini? Kama ni baada ya samansi, hiyo iwe aya ya peke yake, maana hapo ndipo nia inapoonekana. Mwenye stoo naye aape jamaa alihama lini na alibeba nini. Akikataa, eleza kwenye kiapo chako kwamba taarifa umezipata kwake, na kwa nini unaziamini.

Taja mali yenyewe na thamani yake ya kukadiria. Usiandike “mali zote za mdaiwa”. Gari likitosha deni, omba gari tu. Angalieni pia kadi ya gari iko kwa jina la nani. Kama ni la shemeji yake, au benki ililishikilia kwa mkopo kabla yako, haki ya huyo mwingine haifutwi na amri yako.

Nyumba iache. Nyumba anayoishi na mke na watoto wake haikamatwi hata ukiwa na hukumu mkononi. Ukiiingiza kwenye maombi, hakimu ataona unataka kumkomoa.

Na usitarajie gari lifungwe minyororo siku hiyo hiyo. Kwa kawaida mdaiwa anaitwa aweke dhamana, au aje aeleze kwa nini asiiweke. Wakati huo mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya kukamata. Akiweka dhamana ya kutosha gari linaachiwa, nawe hujapoteza kitu.

Bahari ya Kisauni
Huku Kenya ni Amri ya 39 ya kanuni za 2010, masharti yanafanana. Mahakama ya Rufaa ilisema tangu 1988 kwamba uwezo huu usitumiwe ovyo, lazima uwepo ushahidi wa wazi. Nami nakubali kabisa, kwa sababu pikapu ya kaka yangu ilizuiliwa hivi hivi. Alikuwa akiiuza anunue kubwa zaidi ya kubebea samaki. Amri ilikuja kuondolewa, lakini wateja walikuwa wameshapata mtu mwingine. Huyu wa Fuso labda anauza ili akulipe. Mmemuuliza?

Karani Mstaafu
Bahari, umenena, na pole kwa kaka. Ndiyo maana sheria inampa mdaiwa nafasi ya kudai fidia maombi yakiwa hayana msingi.

Kwa hiyo MpungaKyela, wakili wako amwandikie mwenzake: kama gari linauzwa ili deni lilipwe, pesa ya mauzo iwekwe mahakamani. Jibu lao liambatishwe, na wakikaa kimya barua iambatishwe hivyo hivyo. Lakini maombi yawe tayari kabla barua haijatoka, maana ukimshtua bila kujipanga gari litauzwa usiku.

MpungaKyela
Shikamoo mzee, na asante sana. Samansi alisaini tarehe 4, dereva kaona gari tarehe 11, na wiki ya nyuma yake alipita palepale hapakuwa na karatasi. Ila wakili wangu anasema tusubiri kesi itajwe tena mwezi ujao.

Karani Mstaafu
Marahaba. Hiyo ya kutokuwepo karatasi wiki ya nyuma iingie kwenye kiapo cha dereva, ni nzito. Na mwambie wakili maombi haya hayangoji tarehe ya kutajwa. Yanapelekwa na hati ya dharura, inayoeleza kwa nini hayawezi kusubiri, na mnaweza kuomba yasikilizwe kwanza upande mmoja, bila mdaiwa kuwepo. Taarifa za usajili wa gari aziombe Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa barua kesho asubuhi.