Naomba ushauri: mama anafanyiwa MRI Alhamisi

Habari zenu wapendwa. Mama yangu anapigwa picha ya MRI ya mgongo hapa Nairobi, na tangu asikie ataingizwa kwenye mashine iliyo kama pipa lililolazwa, halali. Aliwahi kukwama kwenye lifti mjini. Hadi leo hupanda ngazi. Kwa sababu ya sumaku kali ya mashine hiyo ameambiwa avue kila chuma. Pete ya ndoa imegoma, jana tumeisugua kwa sabuni hadi kidole kikavimba. Skrubu alizowekwa gotini baada ya ajali ya matatu, nimeshamwambia daktari.

Mliopitia, mlituliaje humo nusu saa nzima na ule mgongano wa kelele? Nitaruhusiwa kukaa chumbani nimshike mguu? Dawa ya kumtuliza niiombe leo, au nisubiri siku yenyewe?