Mbegu za kunde za asili: zinachanganyika rangi, na fukusi wanazimaliza kabla ya msimu

Mama Riziki, Pangani

Habari zenu wakulima, na wakubwa shikamooni. Nina aina tatu za kunde za kienyeji ninazotaka kuzitunza kama mbegu: nyeupe yenye jicho jeusi inayosimama, nyekundu ndogo inayotambaa, na nyeusi yenye majani laini ambayo ndiyo mboga yetu kubwa. Shamba ni nusu eka, kichanga, karibu na bahari.

Naombeni msaada kwa haya. Kwanza, kwenye nyeupe zinatokea za madoadoa na za kahawia, na nikichambua punje kwenye ungo mwaka unaofuata zinarudi tena. Pili, je, mche wa mbegu unaweza kuchumwa majani? Tatu, kunde zinaingia kwenye ndoo zikiwa safi kabisa, baada ya mwezi zina matundu. Hao fukusi wanapitia wapi?

Kunde_Asili

Mama Riziki, kwenye kuchanganyika wengi hulaumu nyuki kupita kiasi. Ua la kunde hujichavusha lenyewe, na chavua inakuwa imeshamwagika kabla petali hazijafunguka. Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga. Nyuki wakubwa weusi huweza kulazimisha kuingia na kuhamisha chavua, ila ni kwa kiasi kidogo. Mchanganyiko mkubwa unatoka kwingine: kunde zilizojiotea kutoka msimu uliopita, turubai moja la kupuria aina zote, na gunia lililobakiwa na punje kwenye mshono. Anza kuziba hapo. Aina moja ipurwe, ipepetwe na kufungwa kabisa kabla nyingine haijagusa turubai.

Shambani acha mita 10 kati ya aina na aina, na katikati weka mistari minne ya mahindi au mtama. Nusu eka ni kama mita 40 kwa 50, nafasi inatosha. Usiipande aina mahali ilipokuwa aina nyingine msimu uliotangulia.

Sasa hili la kuchambua kwenye ungo, naomba ulisome taratibu. Ngozi ya punje, yaani ile rangi unayoiona, ni sehemu ya mche mama. Punje nyeupe iliyochavushwa na kunde nyeusi itabaki nyeupe kama ndugu zake kwenye ganda lile lile, huwezi kuitambua kwa macho. Rangi ya ajabu itaonekana kwenye mavuno ya mche utakaoota kutoka punje hiyo, na hapo mche mzima utazaa punje za rangi hiyo. Ndiyo maana ukitoa madoadoa kwenye ungo, zile ambazo ndani zimeshachanganyika lakini nje ni nyeupe zinapita zote.

Dawa yake ni kuchagua mche, siyo punje. Pita shambani mara tatu:

1. Miche ikiwa na majani matatu matatu ya kwanza. Angalia rangi ya shina chini ya majani: wenye zambarau kati ya wenzake wa kijani ung'oe.
2. Maua yakianza, asubuhi kabla ya saa 4, maana baadaye yamejifunga na huoni kitu. Kama kundi lako la nyeupe lina maua meupe, mche wenye ua la zambarau ni mgeni. Ung'oe siku hiyo hiyo.
3. Maganda yakikomaa. Angalia ncha ya ganda, urefu wake, na kama linaning'inia au limesimama. Funga uzi wa rangi kwenye miche uliyoridhika nayo.

Miche yenye uzi ndiyo mbegu. Isipungue 50 kwa kila aina, ikiwezekana 100, ukiichukua kutoka pande zote za shamba. Ukichagua mitano minene tu, unapoteza ile ya kuvumilia ukame na ile ya kukomaa mapema iliyokuwa imejificha humo.

Kama kuna michache unayotaka iwe salama kabisa, shona vifuko vya chandarua chakavu chenye matundu madogo, uvivike kwenye vichipukizi vya maua kabla havijafunguka. Maganda yatashika bila nyuki. Yakifikia urefu wa kidole, vua kifuko na ufunge uzi.

Mwanamvua, Kilifi

Mama Riziki, hilo la majani: shamba la mboga na shamba la mbegu yawe na ukuta kati yao. Jani ndilo linalojaza punje. Mche uliochumwa kila wiki utazaa, lakini punje zinakuwa nyepesi na zilizosinyaa, na mche utakaotoka humo unaanza maisha ukiwa dhaifu. Tenga mistari sita hivi ya ile nyeusi ambayo hakuna mkono utakaoigusa, na uwaambie watoto na majirani. Kama lazima uchume, chuma kabla ya vichipukizi vya maua kutokea, tena jani moja moja la chini, usikate ncha.

Nafasi: inayosimama sm 50 kati ya mistari na sm 20 kati ya mashimo, punje 2. Inayotambaa ipe sm 75 hadi mita moja, na sm 30 kwenye mstari, la sivyo hutaweza kupita kukagua mche mmoja mmoja. Kina ni sm 3 hadi 5. Usiweke samadi mbichi; kunde ikilishwa sana hutoa majani kwa fujo na maua machache, na yanachelewa.

Kwa pwani yetu, usipande mbegu masika inapoanza. Maganda yatakomaa kwenye mvua, punje zitaota zikiwa ndani ya ganda au zitapata ukungu. Ile inayosimama panda mvua zikielekea kupungua, katikati ya Mei hivi. Inayotambaa inachukua miezi mitatu hadi minne, itangulie kidogo. Mvua za mchoo zikikukuta maganda yameshakauka, usisubiri yakauke tena shambani. Yachume uyamalizie barazani.

Vidukari uwatafute mapema, chini ya majani na kwenye ncha, miche ikiwa michanga. Wanabeba virusi vya batobato, na baadhi ya virusi hivyo husafiri ndani ya mbegu. Mche wenye majani yaliyokunjamana na mabaka ya njano na kijani usiuache hata kama umebeba maganda mengi. Kwa vidukari, na kwa viwavi wanaofunga maua kwa utando: mbegu za muarobaini zilizokaushwa na kutwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Rudia kila wiki kuanzia vichipukizi vya maua.

Mkulima wa Kongwa

Nichukue fukusi. Ndoo yako haina kosa, Mama Riziki. Wanatoka nao shambani. Jike hutaga kwenye ganda linalokauka, na baadaye kwenye punje yenyewe. Kaa na punje kwenye mwanga wa jua uigeuze: ukiona kinukta cheupe kinachong'aa, kimegandishwa kama tone la gundi, hilo ni yai. Funza haoni mwanga kamwe, anatoboa kutoka chini ya yai moja kwa moja hadi ndani. Kwenye joto la pwani anatoka akiwa mdudu kamili baada ya wiki tatu hadi tano, na matundu unayoyaona ni milango ya kutokea. Jike mmoja hutaga hata mayai 100, kwa hiyo kizazi cha pili ndicho kinachomaliza ndoo.

Kwa hiyo chuma maganda kila baada ya siku 3 au 4 kadiri yanavyokauka, badala ya kusubiri shamba zima likauke. Mbegu ichukuliwe kwenye mchumo wa kwanza na wa pili. Ya mwisho yawe ya kula. Anika maganda kwenye turubai siku 2 au 3, pukuchua kwa mkono au gonga taratibu ndani ya gunia. Fimbo nzito hupasua ngozi ya punje na kuvunja kiini, na punje ya namna hiyo itaoza ardhini. Pepeta, toa zilizovunjika na zenye vinukta, kisha endelea kuanika hadi punje ukiitia jinoni ivunjike kwa mlio badala ya kubonyea.

Halafu fungia ndani ya siku chache, usingoje mwezi. Kwa mbegu za nyumbani, chupa za maji za lita 1.5 zilizokauka kabisa zinatosha: kila moja inaingia kilo moja na kidogo. Jaza hadi shingoni huku ukigongagonga, isibaki hewa, kaza kifuniko. Wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni, wanaacha kula na kufa. Chupa iliyojazwa nusu haifanyi kazi hiyo. Usifungue kabla ya miezi miwili. Kwa magunia, tumia ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na ukague isiwe na tundu.

Asiye na chupa atumie majivu makavu yaliyopoa na kuchekechwa: vikombe 3 vya majivu kwa vikombe 4 vya kunde, changanya, shindilia kwenye mtungi, na juu weka tabaka la majivu matupu la sm 3. Watu wanaweka kiganja kimoja kwa ndoo nzima, halafu wanasema majivu hayafai.

Mama Riziki, Pangani

Asanteni sana, nimeelewa kosa la ungo. Huku unyevu wa bahari ni mwingi. Kipimo cha chumvi kinatosha kujua zimekauka? Na joto la jua linaua mayai au linaua mbegu?

Mkulima wa Kongwa

Chumvi inakuambia tu kwamba punje zimeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Tia kiganja cha kunde na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa, acha dakika 10. Ikiganda ukutani bado ni mbichi. Isipoganda, anika siku 2 nyingine za jua, kwa sababu kwenye chombo kisichopitisha hewa unataka asilimia 10 au chini. Ingiza ndani saa 9 alasiri kabla upepo wa bahari haujarudisha unyevu.

Joto linaua fukusi wa hatua zote, likifika nyuzi 57 kwa saa nzima, na mbegu kavu inavumilia. Tandika magunia, juu yake nailoni nyeusi, tandaza kunde kwa unene wa sm 2, funika kwa nailoni angavu na ukandamize kingo kwa mawe. Saa 5 hadi saa 8 mchana inatosha kukiwa na jua kali. Punje zenye unyevu zitapikika, kwa hiyo kausha kwanza. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzitia chupani, maana zikiingia na joto utaona matone ndani.

Bi Saada wa Mtwara

Naungana na wote, ila sikubaliani na kung'oa kila mgeni. Kunde nyingi za kienyeji ni mchanganyiko tangu asili, na huo ndio ulinzi wake: mvua ikikatika mapema moja inazaa, ikinyesha sana nyingine. Mama Riziki, ng'oa wagonjwa na waliochelewa sana. Hao wa madoadoa na kahawia wakiwa na afya, chuma kila mche peke yake kwenye bahasha yake, andika rangi ya ua, umbo la ganda na siku ulizochukua kukomaa, upande mstari wake pembeni mwakani. Ukiona faida unabaki nayo kama aina ya nne.

Kunde_Asili

Bi Saada, hapo nakubali kwa zile za kula. Kwa ile nyeusi ya mboga bado ningeng'oa, kwa sababu ulaini wa jani hauonekani kwenye punje, na ukichanganyika kuurudisha ni kazi ya misimu mingi.

Mama Riziki, la mwisho: kila aina iwe na chupa mbili, moja nyumbani kwako na moja kwa ndugu wa kijiji kingine, zenye jina, mahali na mwaka. Wiki tatu kabla ya kupanda, viringisha punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabu zilizoota siku ya 5 na ya 8. Zikifika 80 panda kawaida. Kati ya 60 na 80 weka punje 3 kwa shimo. Chini ya 60, panda zote ulizonazo msimu huo huo uzalishe mpya, usizirudishe chupani.