MREJESHO: Gari langu la sloti limerudi kutoka mbioni

Wakuu, niliuliza nianzie wapi kwenye zile mbio za sloti (vigari vidogo vya umeme vinavyofuata mfereji kwenye njia yao) ambazo unatuma gari, wenye njia wanakuendeshea. Asanteni sana. Nilitoa sumaku inayolivuta gari chini njiani, nikasugua matairi ya nyuma kwa msasa mpaka yakawa duara kamili, kisha nikabandika vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito chini ya chasisi, nyuma kidogo ya ulimi unaoingia mferejini. Kwenye kona sasa halirushi mkia ovyo. Nilichopuuza ni kutia gundi gia ya ekseli: ililegea raundi ya pili, mota ikabaki inalia tu, gari haliendi. Nimekuwa wa pili kutoka mkiani! Aliyesema nifungashe brashi za akiba (zile za kupitisha umeme), ubarikiwe, zilitumika. Gia nimeshaigandisha, wiki ijayo linasafiri tena.