Naomba ushauri: albamu ya roki kuhusu dhambi na toba, tarumbeta ziingie wapi?

Wakuu, habari za jioni. Tuna bendi ndogo ya roki hapa Moshi (ndiyo, roki, msicheke). Tunatunga albamu yenye kisa kimoja mwanzo hadi mwisho: mfalme Daudi wa kwenye Biblia anamtamani mke wa Uria, askari wake, anapanga mume auawe vitani, nabii Nathani anamuumbua, ndipo inakuja toba ya Zaburi 51.

Dhambi imetoka vizuri, magitaa yanakwaruza mpaka raha. Hatia nayo ipo. Shida ni msamaha: kila tukiujaribu unageuka pambio, kisa kinapoa. Mpiga kinanda anataka tuweke hapo tarumbeta za Kilutheri, zile za misibani na sikukuu huku Uchagani. Mimi ningeziweka mapema, kwenye kifo cha Uria. Tena mtoto ambaye Daudi alizaa na mke huyo alikufa hata baada ya baba kusamehewa, kwa hiyo furaha tupu mwishoni naiona ni uongo.

Halafu, watu husikiliza wimbo mmoja mmoja kwenye simu. Tuziunganishe nyimbo bila kituo, au kila wimbo ujitegemee? Na studio gani Moshi au Arusha inajua kurekodi ngoma za kupigwa kwa mkono, siyo biti za kompyuta tu?