Vishoka wa mpakani na wauza "miongozo" ya safari za Kenya, tumewachoka! Mwenye gari Arusha na Moshi soma kabla hujatoa hela

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna biashara imeota mizizi hapa Arusha na Moshi ya kuwauzia watu vitu vya bure, na vingine vya uongo mtupu, kwa kisingizio cha kuwasaidia kuvuka kwenda Kenya na magari yao. Vishoka wa mpakani tunawajua tangu zamani. Sasa wamezaliwa wengine kwenye makundi ya WhatsApp: unamtumia hela kwa simu, anakurushia PDF anayoiita mwongozo. Mdogo wangu wa Moshi alilipia mmoja, akanitumia niupitie. Nilipofika mahali unapomwelekeza mtu wa Moshi aende Mombasa kwa kupitia Namanga na Nairobi, nikasema huu uzi lazima niufungue.

Mtu wa Moshi umpeleke Namanga ili afike Mombasa? Moshi hadi Holili ni kama kilomita 35. Unavukia Taveta, unashika barabara ya Maktau na Mwatate hadi Voi, kama kilomita 110, halafu Voi hadi Mombasa 150 na ushee. Yote kwa pamoja ni kama 300. Sasa piga hesabu ya huyo "mtaalamu": Moshi hadi Arusha 80, Arusha hadi Nairobi 270 hivi, Nairobi hadi Mombasa 480. Hizo ni zaidi ya 800! Amekuchomea mafuta ya kilomita 500 za ziada, amekulaza Nairobi gesti, na sehemu kubwa ya njia uko nyuma ya malori yanayokwenda bandarini. Na umemlipa akufanyie hivyo. Najua ushauri huo ulikotoka. Zamani kipande cha Taveta hadi Mwatate kilikuwa vumbi na watu walikikwepa. Sasa ni lami. Jamaa amenakili maneno ya watu wa zamani bila kuikanyaga njia yenyewe, na anayauza. Jambo moja tu la kuchunga huko: usipite usiku. Barabara inapita jirani na Tsavo Magharibi, na tembo wanakatiza.

Tuje mpakani, maana huko ndiko wanakotuchuna zaidi.

Namanga na Holili/Taveta ni vituo vya pamoja vya mpakani. Holili/Taveta ilizinduliwa 2016, Namanga 2018 na marais wote wawili wakiwepo. Maana ya kituo cha pamoja ni kwamba taratibu za kutoka nchi moja na kuingia nyingine zinafanyika ndani ya jengo moja, lile la nchi unayoingia. Ukitoka Arusha kwenda Kenya unalipita jengo la upande wetu, unaenda kusimama upande wa Kenya, na humo ndani utawakuta uhamiaji wetu na wa kwao, forodha yetu na ya kwao. Ukirudi, kila kitu kinafanyika upande wetu. Basi! Kishoka anaishi kwa kutegemea kwamba hulijui hili. Anakupungia mkono kabla hujafika, amejivika kitambulisho shingoni, anakwambia simama hapa kwanza ugonge muhuri wa kutoka, gari ikaguliwe, kuna ada. Ukisimama tu, umekwisha.

Mimi hili nililiona nikimpeleka mama yangu hospitali Nairobi. Mama mgonjwa, amelala kiti cha nyuma, na kijana ameshikilia pasipoti yake mkononi anasema haiendi popote bila "ada ya haraka". Mpaka gani sitautaja. Lakini wewe kijana, kama unasoma hapa: uliishika pasipoti ya mwanamke mwenye umri wa bibi yako, juani, ukiwa si mtumishi wa ofisi yoyote. Pasipoti ya mtu haishikwi na mtu asiye nyuma ya dirisha. Wakuu, hilo lishikeni. Hati yoyote haitoki mkononi mwako mpaka uwe mbele ya dirisha la ofisa, na hela yoyote hailipwi mpaka uone inaandikiwa risiti ya serikali. Akikataa risiti, hiyo si ada.

Makaratasi yenyewe hayahitaji mtu wa kati. Pasipoti hai, leseni yako ya Tanzania inatambulika, kadi halisi ya gari. Gari likiwa si la jina lako, hata kama ni la mumeo au la kampuni yako mwenyewe, chukua barua ya mwenye gari ya kukuruhusu kulitoa nje ya nchi, yenye muhuri wa wakili, na nakala ya kitambulisho chake. Gari la mkopo, anza na benki wiki kadhaa kabla, kwa sababu kadi wanayo wao. Forodha wanaandika gari limetoka kwa muda na Kenya wanakupa kibali cha muda chenye tarehe. Isome hiyo tarehe hapo hapo dirishani. Ukipitiliza, faini ni yako, na wakati wa kurudi hakikisha kibali kimefungwa kwenye mfumo wao.

Bima! Hapa ndipo nilipotaka kuivunja simu niliposoma ule mwongozo. Umeandika kwamba mwenye bima kubwa ya Tanzania hahitaji kitu kingine. Uongo wa hatari. Kuvuka unahitaji kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), na inatolewa na kampuni yako ya bima kama nyongeza ya bima uliyonayo. (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini mpango wa kadi tumebaki nao, kwa hiyo msidanganywe kwamba haituhusu.) Nenda kaichukue mjini kabla ya safari, kwa siku unazohitaji, na ukague kwamba Kenya imo kwenye nchi zilizoruhusiwa. Ukiisubiri mpakani utaangukia kwa mtu anayekuuzia muda mrefu usiouhitaji, au karatasi isiyo na kampuni nyuma yake. Kisha elewa kitu ambacho hakuna muuza mwongozo anayekisema: hiyo kadi inamlipa yule uliyemgonga. Gari lako mwenyewe hailigusi. Kama unataka bima yako kubwa ikufuate hadi Kenya, omba kwa maandishi, nao wakujibu kwa maandishi. Maneno ya kaunta hayalipi bampa.

Kadi nyingine ya njano ni ya chanjo ya homa ya manjano. Vishoka wanawaambia wazee wetu kwamba kadi ya miaka zaidi ya 10 imekufa, wawalipe wawapatie mpya. Si kweli. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambulika kwa maisha yote, hata kama kadi imeandikwa miaka 10. Na kadi mpya huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayekuuzia kadi pale pale mpakani anakuuzia karatasi ya kughushi, na matatizo yake utayabeba wewe.

Wabadilisha hela wa barabarani wapiteni. Shilingi moja ya Kenya siku hizi inacheza karibu na 20 ya kwetu, kwa hiyo kosa dogo kwenye kuzidisha linakula pesa nyingi, na wale wanahesabu haraka makusudi. Kuna wanaochomeka noti ya 1,000 ya zamani yenye sura ya Mzee Kenyatta. Noti hiyo ilikufa tarehe 1 Oktoba 2019, hakuna duka litakaloipokea. Badilisha benki au duka la fedha lenye leseni Arusha, kiasi cha kukufikisha tu, kwa sababu Kenya karibu kila kitu kinalipwa kwa M-Pesa. Baki na noti chache mfukoni za barabara ya kulipia.

Mafuta: jaza tanki Arusha au Moshi. Kwa miaka hii ya karibuni petroli ya Kenya ukiigeuza kwa shilingi zetu imekuwa ghali kuliko yetu. Msikubali maneno ya mtu, angalieni wenyewe. EWURA, wadhibiti wetu wa nishati, wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wilaya kwa wilaya, na EPRA, wenzao wa Kenya, wanatoa za kwao tarehe 14. Ukisafiri siku moja kabla ya tarehe hizo, subiri au wahi kutegemea bei inaelekea wapi.

Kwa wanaokwenda Nairobi. Ondoka Arusha alfajiri mapema, uyatangulie mabasi na Coaster za asubuhi, maana likishuka basi zima mbele yako kwenye foleni ya uhamiaji utalia. Namanga inafanya kazi saa 24. Ukishavuka, kinachoua muda ni foleni ya Kitengela, mji wa kabla ya kuingia Nairobi. Anayekwenda Karen, Ngong au Rongai asiiguse kabisa: pale Isinya kata kushoto, kuna lami inayokwenda Kiserian. Anayekwenda katikati ya jiji au Westlands, akifika Mlolongo apande ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Ni kilomita 27 hadi Westlands, unalipa kulingana na ulikoshukia, na kwa mtu mwenye miadi ya hospitali ile hela ina thamani yake. Mjini maegesho yanalipwa kwa simu. Usipolipa wanakufunga gurudumu.

Mifuko ya plastiki itoeni yote garini, hata ile iliyofichwa chini ya kiti na watoto. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019, na wakaguzi wanaitafuta. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwepo, na mtungi uwe haujaisha muda. Mjini mwendo ni 50, na matuta ya Kajiado yanatokea ghafla. Trafiki akikuandikia kosa, lipa kwa njia rasmi upate risiti. Wanaozoea kumaliza mambo dirishani ndio wanaotufanya sote tusimamishwe kwa ajili ya namba za T.

Nimemaliza hasira, sasa madai yangu. Ninyi wauza miongozo: futeni ile sehemu ya bima leo, kabla mtu hajamgonga mtoto wa watu Kitengela akaozea selo akiamini analindwa. Na wale mliowauzia njia ya Mombasa kupitia Namanga, warudishieni hela zao. Kwa wakuu mliovuka karibuni, hasa kwa Holili: bandikeni hapa chini picha za risiti zenu halali, ada ya nini na kiasi gani, mkifuta majina, namba za pasipoti na namba za magari. Mods nawaomba muubandike uzi huu juu ili mtu akitafuta avipate hivi bila kulipa mtu.