Naomba ushauri: jibu langu juu ya Okonkwo

Kaka na dada zangu, salamu toka Kadutu, Bukavu. Katika somo la Kiingereza tunasoma Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), na kila mmoja aandike anavyokiona kifo cha Ikemefuna, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Okonkwo, mhusika mkuu, kabla kijiji hakijaamua auawe. Mzee Ezeudu alimwonya Okonkwo asishiriki kumuua, maana kijana huyo alimwita baba. Okonkwo akampiga panga hata hivyo, akiogopa kuonekana dhaifu. Niliandika kwamba huo ni woga, si ujasiri. Mwalimu akasema hayo ni maoni matupu. Nikaongeza vipande vya kitabu, sasa anasema ninasimulia tu! (Wenzangu wanamsifu Okonkwo, wao wamepita.) Je, baada ya kunukuu, nieleze nini? Na Unoka, baba yake Okonkwo, ambaye Okonkwo aliogopa kufanana naye, nimwingize wapi?